Al-Khwarizmi: Mwanachuoni aliyewafundisha watu kugawa shufwa na witiri

SIFA njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyekiumba kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika shule zinazofundisha hisabati kwa Kiswahili, mtoto hurudi nyumbani siku moja na daftari lake akawaambia wazazi wake kwamba leo amefundishwa namba shufwa na namba witiri. Shufwa ni zile zinazogawanyika kwa mbili bila ya kubaki kitu, kama vile 2, 4, 6, 8 na 10. Witiri ni zile ambazo kila ukizigawa mafungu mawili yaliyo sawa hubaki moja, kama vile 3, 5, 7 na 9. Ni wazazi wachache wanaotanabahi kwamba maneno hayo mawili yametujia kutoka katika lugha ya Qur'an Tukufu, na kwamba Mwenyezi Mungu ameapa kwa shufwa na kwa witiri katika aya ya tatu ya Suratul Fajr, ambayo ni Sura ya 89.

Wafasiri wameieleza aya hiyo kwa njia nyingi. Wako waliosema kwamba shufwa ni viumbe, kwa kuwa vimeumbwa jozi jozi, na witiri ni Muumba, aliye Mmoja asiye na mshirika. Wako waliosema kwamba shufwa ni siku ya kuchinja, yaani mwezi 10 Dhul-Hijja, na witiri ni siku ya Arafa, mwezi 9. Na wako waliosema kwamba makusudio ni swala zenyewe, kwani zipo za shufwa na zipo za witiri. Vyovyote iwavyo, jambo lililoapiwa na Mola si jambo la kupuuzwa.

Leo, Insha Allah, tutamkumbuka mwanachuoni mmoja ambaye elimu yake ya hesabu imefika katika kila nyumba, ingawa wengi wetu hatulijui jina lake. Naye ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi.

Habari za maisha yake zilizotufikia ni chache. Inakadiriwa kwamba alizaliwa mnamo mwaka 780. Nisba yake inaelekeza katika nchi ya Khwarizm, kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Ibn al-Nadim, aliyeandika orodha yake mashuhuri ya vitabu mwaka 987, alimtaja kwa maneno machache tu, akasema kwamba asili yake ni huko Khwarizm, kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa hazina ya hikima ya Khalifa al-Ma'mun, na kwamba watu walizitegemea jedwali zake za nyota. Hakutuachia habari za wazazi wake, wala za mkewe, wala za watoto wake. Kilichobaki ni kazi yake.

Mji alioishi na kufanya kazi ni Baghdad, uliojengwa na Khalifa al-Mansur kuanzia mwaka 762. Alipozaliwa al-Khwarizmi mji huo ulikuwa bado mchanga, na katika ujana wake ulikuwa chini ya Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809. Baadaye al-Ma'mun, mwana wa Harun, alishika ukhalifa kuanzia 813 hadi 833, naye aliwakusanya wanazuoni katika Baytul Hikma, Nyumba ya Hekima. Humo vilisomwa na kufasiriwa vitabu vya Wayunani, vya Wahindi na vya Waajemi. Waislamu wa zama hizo hawakuona haya kujifunza kwa wasiokuwa wao, wala hawakuficha kwamba wamejifunza kwao.

Miongoni mwa vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiarabu wakati huo ni kile cha Euclid, Myunani aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Aliyekifasiri ni al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar, mara ya kwanza katika zama za Harun na mara ya pili kwa ajili ya al-Ma'mun. Katika sehemu ya tisa ya kitabu hicho zimo kanuni za shufwa na witiri pamoja na hoja zake. Kwa hiyo tusiseme kwamba kanuni hizo zilivumbuliwa Baghdad. Haki ya mwenye kutangulia ni kutajwa.

Kanuni zenyewe ni nyepesi, na mzazi anaweza kumfundisha mwanawe kwa sahani ya tende. Zipange tende mbili mbili. Zikiisha zote katika jozi, hesabu yake ni shufwa. Ikibaki tende moja pekee isiyo na mwenzake, hesabu yake ni witiri. Sasa leta sahani ya pili. Ukijumlisha shufwa na shufwa, jozi huongezeka juu ya jozi, na jumla ni shufwa. Ukijumlisha shufwa na witiri, ile tende pekee hubaki pekee, na jumla ni witiri. Lakini ukijumlisha witiri na witiri, tende mbili zilizokuwa pweke hukutana zikawa jozi, na jumla ni shufwa. Na katika kuzidisha, shufwa ikizidishwa kwa namba yoyote hutoa shufwa. Witiri haipatikani ila kwa kuzidisha witiri kwa witiri, kama 3 mara 5 zinavyokuwa 15.

Ibada zetu zimejaa mifano ya kanuni hizo. Rakaa za faradhi kwa usiku na mchana ni 2 za Alfajiri, 4 za Adhuhuri, 4 za Alasiri, 3 za Magharibi na 4 za Isha. Swala nne kati ya hizo ni shufwa, na moja tu, ya Magharibi, ni witiri. Kwa ajili ya hiyo moja jumla ya rakaa zote inakuwa 17, nayo ni witiri. Nyuradi baada ya swala, kwa mapokezi yanayojulikana na wengi, ni Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Witiri mbili za mwanzo zinakutana kuwa 66, na shufwa ya mwisho inatimiza 100. Na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akila tende kwa hesabu ya witiri kabla ya kutoka kwenda kuswali Idd-el-Fitr.

Basi ni lipi alilolifanya al-Khwarizmi? Kabla yake, makarani na wafanyabiashara wengi walihesabu kwa vidole na kwa akili, na namba waliziandika kwa maneno au kwa herufi za abjadi. Wahindi walikuwa na njia yao: tarakimu tisa pamoja na alama ya mahali patupu, ambayo Waarabu waliiita sifr, na ndiyo sifuri yetu. Thamani ya tarakimu hutegemea nafasi iliyokaa: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Al-Khwarizmi aliandika kitabu cha kuieleza hesabu hiyo ya Kihindi hatua kwa hatua. Asili yake ya Kiarabu imepotea. Iliyobaki ni tafsiri ya Kilatini, ambayo nakala yake mojawapo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza na ilichapishwa Roma mwaka 1857.

Tazama, ndugu msomaji, namna mwandiko huo unavyorahisisha jambo letu. Kumi ni shufwa. Mia ni kumi mara kumi, nayo ni shufwa. Na elfu kadhalika. Kwa hiyo makumi, mamia na maelfu, yawe mangapi, yote ni shufwa, na anayeamua ni mamoja peke yake. Namba ikiwa ndefu kiasi gani, itazame tarakimu yake ya mwisho: ikiwa 0, 2, 4, 6 au 8, namba nzima ni shufwa; ikiwa 1, 3, 5, 7 au 9, namba nzima ni witiri. Karani aliyekuwa na mrundo wa dirhamu hakuhitaji tena kuzipanga mbili mbili sakafuni.

Katika kitabu hicho al-Khwarizmi alieleza kwamba kila namba imejengwa kwa moja, kisha akafundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa. Alizitengea mafunzo yake kazi mbili ambazo siku hizi hatuzihesabu kuwa kazi za peke yake: kuongeza namba mara mbili na kuikata nusu. Kuongeza mara mbili hakuna taabu, kwani jibu siku zote ni shufwa. Taabu imo katika kukata nusu, kwa sababu hapo ndipo mtu anapokutana na ile moja inayobaki.

Alielekeza kwamba anayekata nusu aanze upande wa mamoja. Tarakimu ikiwa shufwa, aandike nusu yake. Tarakimu ikiwa witiri, akate nusu ya ile shufwa iliyo chini yake, na moja iliyobaki asiitupe. Nusu yake ni 5 katika nafasi inayofuata kwa udogo, basi aiongeze huko. Tuchukue mfano wetu wenyewe, 738. Nusu ya 8 ni 4. Katika makumi kuna 3: anaandika 1, na kumi moja lililobaki nusu yake ni 5, anaiongeza katika mamoja, nayo yanakuwa 9. Katika mamia kuna 7: anaandika 3, na mia moja iliyobaki nusu yake ni makumi 5, anayaongeza katika makumi, nayo yanakuwa 6. Jibu ni 369.

Na ikiwa witiri imo katika mamoja yenyewe, ambako hakuna nafasi ya chini yake? Hapo aliamrisha moja hiyo ifanywe sehemu 60, na nusu yake ichukuliwe kuwa sehemu 30. Ndiyo desturi ya wanajimu wa kale, nayo ingali katika saa zetu, ambapo nusu ya saa ni dakika 30. Kwa hiyo nusu ya 369 ni 184 na sehemu 30 katika 60. Hakuna kilichoachwa wala kilichopotea.

Kitabu chake cha pili ndicho kilichomtangaza zaidi duniani, nacho ni kile cha al-jabr na al-muqabala, alichokiandika kwa kutiwa moyo na al-Ma'mun. Jabr ni kuunga na kurudisha kilichopungua, kama mganga anavyounga mfupa uliovunjika. Muqabala ni kukabilisha vitu vya pande mbili na kuviondolea vinavyolingana. Kutokana na jina hilo watu wa Ulaya wamepata neno lao, na sisi tunasema aljebra. Mwenyewe alieleza kwamba alikusudia kuwasaidia watu katika mambo yanayowahusu kila siku: mirathi, wasia, ugawaji, mashauri, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji.

Mfano wake mmoja unatuhusu sana katika maudhui haya. Inatafutwa namba ambayo mraba wake ni sawa na mara tatu ya namba yenyewe ukiongeza 4. Njia yake inaanza kwa kuikata nusu ile tatu, nayo ni witiri, ikawa moja na nusu. Zidisha moja na nusu kwa nafsi yake, upate mbili na robo. Ongeza 4, upate sita na robo. Kipeuo chake ni mbili na nusu. Ongeza ile moja na nusu ya mwanzo, upate 4. Hakika mraba wa 4 ni 16, na mara tatu ya 4 ni 12, ukiongeza 4 ni 16. Nusu iliyozaliwa na witiri haikumtisha wala hakuikimbia. Aliibeba mpaka mwisho, ikakutana na nusu nyingine, zote zikawa kitu kizima. Ni yale yale ya tende mbili pweke zilizokutana.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho, ambayo wengi wanaomsifu al-Khwarizmi hawaisomi, ni ya wasia na mirathi. Miongoni mwa mifano yake ni mtu aliyefariki akaacha mama, mke, ndugu mmoja wa kiume na ndugu wawili wa kike, wote wa baba mmoja na mama mmoja naye. Tena aliusia sehemu moja katika tisa ya mali yake apewe mtu asiyekuwa mrithi.

Mafungu ya warithi mafaqihi huyapata hivi. Mama ana sudusi kwa kuwa marehemu ana ndugu zaidi ya mmoja, na mke ana robo kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto. Katika mafungu 12, mama atachukua 2, mke 3, na yatabaki 7 kwa ndugu. Ndugu wa kiume huhesabiwa vichwa viwili na kila wa kike kichwa kimoja, jumla vichwa vinne. Saba kwa vichwa vinne: hapa ndipo penye kikwazo. Saba ni witiri na nne ni shufwa, na witiri haigawanyiki kamwe kwa shufwa, kwa sababu shufwa mara namba yoyote ni shufwa. Hata mtu akijaribu usiku kucha hatapata.

Basi hufanywaje? Hapunjwi mtu wala haongezewi mtu. Mafungu yote 12 huzidishwa kwa vile vichwa 4, yakawa 48. Mama anapata 8, mke 12, ndugu wa kiume 14, na kila ndugu wa kike 7. Al-Khwarizmi alianza na hayo 48, kisha akaushughulikia wasia: kwa kuwa moja katika tisa ikitoka hubaki nane katika tisa, aliongeza juu ya 48 sehemu yake ya nane, yaani 6, na mali yote ikawa mafungu 54. Aliyeusiwa anapata 6, ambayo ni moja katika tisa ya 54, na 48 zilizobaki ni za warithi. Jumlisha 6, 8, 12, 14, 7 na 7. Utapata 54 kamili.

Ndugu Waislamu, tusimame hapo kidogo. Ni familia ngapi ambazo marehemu hajamaliza arubaini yake, na tayari watoto wake hawasalimiani? Mara nyingi ugomvi hauanzi kwa mali kubwa, bali kwa kile kinachobaki baada ya kugawa: kiwanja kimoja kisichokatika, mbuzi mmoja aliyezidi, fedha kidogo ambazo kaka mkubwa huona ni kheri abaki nazo yeye ili kurahisisha. Na mara nyingi anayeambiwa asamehe ni dada au mjane. Huyo mwenye kurahisisha hudhani kwamba hesabu imekataa. Hesabu haikukataa, imekataa kugawanyika vibaya. Ikiwa fungu halikatiki, mafungu yataongezwa idadi mpaka kila mwenye haki apate haki yake kamili, au kitu kitauzwa na thamani yake igawanywe, au mmoja atakichukua na kuwalipa wenzake kwa kuridhiana. Haki ya mtu haifutiki kwa sababu ni witiri.

Al-Khwarizmi aliandika pia jedwali za nyota, kitabu cha sura ya dunia kilichotaja mahali pa miji, milima na mito, na risala juu ya kalenda ya Mayahudi. Inakadiriwa kwamba alifariki mnamo mwaka 850, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jedwali zake zilifasiriwa kwa Kilatini na Adelard wa Bath mwaka 1126, na kitabu chake cha aljebra na Robert wa Chester mwaka 1145. Wasomaji wa Ulaya walilitamka jina lake Algoritmi, na kutokana nalo likapatikana neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua unaofuatwa mpaka jawabu lipatikane. Kompyuta na simu tunazozishika mikononi zinaendeshwa kwa taratibu za namna hiyo. Tena huziandika namba kwa alama mbili tu, 0 na 1, na njia ya kuigeuza namba yetu iwe katika mwandiko huo ni kuikata nusu tena na tena, huku ukiandika kila mara kama imebaki moja au haikubaki kitu. Shufwa na witiri, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kutokana na maisha ya mwanachuoni huyu tunajifunza mambo matatu. La kwanza, elimu ni ya kutafutwa popote ilipo, na mwenye kutangulia apewe haki yake. La pili, hisabati si adui wa dini, mirathi aliyoifaradhisha Mwenyezi Mungu (S.W.T.) haiwezi kutekelezwa na watu wasiojua kugawa. La tatu, uadilifu hupimwa pale penye kile kidogo kinachobaki, kwa kuwa hapo ndipo nafsi inaposhawishika na macho ya watu yanapokosekana.

Basi leo baada ya swala ya Ijumaa, wazazi wakae na watoto wao, walete sahani ya tende, wazipange mbili mbili. Ikibaki moja, mtoto aulizwe ni ya nani. Jawabu lake litakuwa mwanzo wa elimu ya hesabu, na huenda likawa pia mwanzo wa elimu ya haki.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu, aliye Mmoja wa pekee, atujaalie elimu yenye manufaa, azihifadhi familia zetu na ugomvi wa mali, na awarehemu wanazuoni wetu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.